Umebadili sensa, taa bado inawaka? Usimfukuze kiranja

Testi zilitubana kidogo ila tupo. Leo naacha mambo ya bumu na foleni za kafeteria, nataka niseme kuhusu hii taa ya njano ya cheki injini, maana naona watu wanaliwa hela kila siku na wanaona kawaida tu.

Mchezo wenyewe unaujua. Taa inawaka, fundi anachomeka mashine, anasema "sensa ya oksijeni imekufa". Unanunua sensa, inafungwa, taa inazima. Baada ya siku mbili hiyooo, imerudi. Hapo fundi anakwambia basi itakuwa ile ya pili.

Mimi nasema hivi: sensa ni kiranja. Sisi tunaosomea ualimu tunamjua, yule anayeandika majina ya wapiga kelele. Darasa likiwa na fujo, ukambadilisha kiranja, kiranja mpya ataleta majina yale yale. Sensa kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuipelekea taarifa kompyuta ya gari. Ikisema hewa imezidi, mara nyingi kweli imezidi!

Na ile mashine ya fundi haisemi "nunua kitu fulani". Inatoa namba. P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, pampu ya mafuta imechoka, au eksozi inavuja kabla ya sensa na kuvuta hewa ya nje. P0135 inahusu hita ya sensa ya mbele, na hapo hata fyuzi iliyoungua au waya uliokatika unatosha kuileta. P0420 inahusu masega, lile dude la kwenye eksozi linalosafisha moshi (ndio lile wajanja wanaling'oa na kuliuza kwa ajili ya madini yaliyomo, platinamu na wenzake). Gari lisilo na masega unalifungia sensa mpya ya nini jamani?

Bamdogo wangu anapigia teksi Vitz, na sehemu ya ada ya mdogo wangu inatoka kwenye hiyo hiyo Vitz. Amefungiwa sensa, taa imerudi, ameambiwa anunue ya pili. Bahati nzuri jirani yake akasoma namba: P0171. Akafungua boneti, akaukamua kamua kwa mkono ule mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda injini, ukaachama kama mdomo. Mpira! Hela ya sensa ilishakwenda, na duka la spea halirudishi.

Lingine ni hii tabia ya kuchomoa betri ili taa izime. Ile sio dawa, ni kufuta ubao kabla mwalimu hajasoma. Kompyuta inasahau namba, inasahau na hali ya gari ilivyokuwa wakati kosa linatokea, halafu inaanza kujipima upya. Ugonjwa ukiwepo taa itarudi tu. Ukitengeneza kweli, kwa magari mengi taa inazima yenyewe baada ya safari kama tatu ambazo kompyuta imepima na haikuona kosa.

Kuna na wanaofungiwa sensa isiyo yake. Toyota nyingi ile ya mbele, kabla ya masega, ni ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, haifanyi kazi sawa na ya kawaida ya nyuma. Plagi yaweza kuingia, uzi ukakubali, na bado taa ikawaka.

Sasa msinielewe vibaya, siwatupii mafundi lawama zote. Wateja tuna matatizo yetu. Fundi akikwambia kupima peke yake ni elfu kadhaa, unanuna, unasema "si umeangalia tu?" Akikuuzia spea unalipa bila kinyongo. Tunalipia chuma, hatutaki kulipia akili, halafu tunashangaa tunauziwa chuma. Fundi anayekaa saa nzima akifuatilia waya mmoja anastahili hela yake hata kama hajabadili kitu.

Kwa hiyo ukifika gereji, kabla ya kutoa hata mia uliza namba ni ipi, uiandike kwenye simu. Muulize ni sensa ya mbele au ya nyuma, na amejuaje kwamba ni sensa na sio waya. Akikasirika, hamisha gari. Ila taa ikianza kuwaka na kuzima yenyewe huku injini inamisi, hapo punguza mwendo na tafuta pa kusimama mapema, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyaunguza, na bei ya masega tusiitaje hapa.