Fumbwe Wawili na Walezi Wao

Mvua zinapokaribia kwisha na nyasi kuanza kudondosha mbegu, huonekana angani ndege mdogo mweusi, mwenye kifua cha hudhurungi, akiruka kwa taabu kwa ajili ya mkia uliomzidi mwili. Huyo ni fumbwe. Wengi humdhania kuwa ni wa namna moja, kumbe katika nchi za Tanzania, Zambia na Malawi wamo wawili wanaofanana mno.

Wa kwanza ana mkia mrefu uliochongoka nchani na kisogo cha manjano hafifu, naye hupenda nyika kavu ya migunga. Wa pili, aliyeelezwa kitaalamu na Bwana James Chapin wa Marekani mwaka 1922, ni mkaaji wa misitu ya miombo. Mkia wake ni mfupi kidogo na mpana, na kisogo chake kimekolea rangi. Lakini hayo ni mapambo ya madume, tena wakati wa kuzaa tu. Msimu ukipita mikia hudondoka, nao wakafanana na majike wao, ambao rangi yao ni ya majani makavu na hata mtaalamu huwababaikia.

Tofauti hasa imo katika malezi. Fumbwe hajengi kiota wala haatamii. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine mdogo mla mbegu: wa kwanza kwa yule mwenye mabawa ya kijani, wa pili kwa ndugu yake mwenye mabawa yenye rangi ya chungwa. Kinda wa fumbwe hawatupi nje watoto wa mwenyeji. Hula pamoja nao, kwani kinywani mwake mna madoa mfano wa yao.

Dume angali kiotani hujifunza nyimbo za baba aliyemlea. Akikomaa huziimba, na jike aliyelelewa na ndege wa aina ile ile huzitambua, akamwendea. Jike akikosea kiota, kinda wake huzaliwa na madoa ya kigeni na pengine asishibe. Akipona, ataimba wimbo usio wa kwao.

Kwa hiyo miombo inapokatwa kwa mkaa, fumbwe wa pili hapotezi tawi la kutulia tu. Mlezi wake akitoweka, hana nyumba nyingine ya kupeleka yai.