Sura Iliyorukwa

Kisa cha Tamari, binti wa Daudi aliyebakwa na ndugu yake Amnoni, kimo katika 2 Samweli 13, lakini Mkatoliki wa Songea anaweza kuhudhuria Misa kila siku hadi uzeeni asikisikie. Katika mpangilio wa masomo wa mwaka 1969, juma la tatu la kipindi cha kawaida katika Mwaka wa Pili huishia na nabii Nathani akimkemea Daudi, sura ya 12. Jumatatu inayofuata, Daudi tayari anamkimbia Absalomu, sura ya 15. Mwana anampindua baba, na chanzo hakisemwi. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, za Mjimwema huko Songea kama za kwingineko, kwa kawaida hutafakari Injili ya Jumapili, hivyo pengo hilo halizibwi hata nyumbani. Marabi angalau walilijadili waziwazi: Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, inauliza visa gani visomwe hadharani na vipi visifasiriwe, na cha Amnoni kimo humo.

Kinapohubiriwa, kisa hiki kwa kawaida hugeuzwa kuwa adhabu ya Daudi kwa ajili ya Bathsheba. Fasiri hiyo ina mizizi katika maneno ya Nathani, lakini inamfanya Tamari kuwa fimbo tu ya kumchapia baba yake. Maandiko yenyewe hayamtendei hivyo. Tamari anajenga hoja: jambo hili halitendwi katika Israeli, aibu yake ataipeleka wapi, mfalme aombwe kwanza. Hata baada ya kubakwa anabisha kwamba kumfukuza ni ubaya mkubwa zaidi. Anayemnyamazisha ni Absalomu, kaka wa tumbo moja, kwa sababu mkosaji naye ni ndugu. Nchini Tanzania jambo hilo lina jina: kuyamaliza nyumbani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kosa la kubaka, lakini kifungo hicho hakina kazi pale ambapo mashahidi ni shangazi na baba mdogo wanaogeuza maneno kizimbani.

Daudi ni baba, na ndiye mahakama. Maandiko ya Kiebrania yanasema alikasirika sana, basi. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, pamoja na gombo la Samweli lililopatikana Qumran, huongeza sababu: hakumuudhi Amnoni kwa kuwa alimpenda, ni mzaliwa wake wa kwanza. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inafuata Kiebrania, na msomaji wake anakosa sentensi ambayo wazee wengi wa ukoo wangeitambua mara moja.

Kampeni ya Tamari, iliyochipuka katika warsha za Pietermaritzburg, Afrika Kusini, miaka ya 1990 na kuzinduliwa Kenya mwaka 2005, huwauliza wasomaji kila mwanamume katika kisa alifanya nini. Yonadabu, rafiki yake Amnoni, alitoa shauri, Daudi alimtuma binti, mtumishi alikomea mlango. Swali hilo linafaa kuliko mahubiri mengi ya Kwaresima.