Mazungumzo ya Nyumbani: Mwalimu na Mlevi



Mwezi uliopita tulisema habari za sala ya jioni, tukaahidi kulijibu swali ambalo vijana hutuuliza mara nyingi, ijapokuwa si mbele za watu. Husema hivi: Mtu akiisha kuacha pombe, na ngoma za usiku, na kamari, na uasherati, maisha yake yatajazwa na nini? Mmoja wao aliifananisha nyumba ya Mkristo na sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, ikapinduliwa juu ya kichanja: ni safi, lakini haina kitu ndani. Neno hili halifai kuchekwa wala kukemewa. Nasi twaona ni heri tulijibu kwa habari za mtu mmoja, kwa maana maonyo matupu vijana wamekwisha kuyasikia.

Mtu huyo alikuwa Mwafrika, tena mwalimu. Ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, uitwao leo Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Mama yake, Monica, alikuwa Mkristo mwenye bidii. Baba yake, Patricius, alibatizwa karibu na kufa kwake. Hawakuwa matajiri, lakini walijinyima ili mtoto asome, wakampeleka Carthage, mji mkubwa wa pwani karibu na Tunis ya leo. Huko aliyakuta yote ambayo kijana huyakuta mjini. Alitwaa mwanamke pasipo ndoa, akazaa naye mtoto wa kiume, jina lake Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu.

Wako wadhanio ya kuwa Augustino alikuwa mlevi na mpotevu wa kutupwa. Sivyo. Alikuwa mtu wa kazi, naye alikaa na mwanamke yule mmoja zaidi ya miaka kumi. Kiu yake kubwa ilikuwa sifa. Alifundisha kwanza kwao, kisha ufasaha wa kusema huko Carthage, kisha Roma, hata mwaka 384 akapewa kazi ya heshima huko Milan, mji aliokaa Kaisari.

Basi siku moja alikuwa akienda kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari. Yeye mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha Maungamo ya kuwa hotuba ile ilijaa uongo, na watakaoisikia walijua kuwa ni uongo, na hata hivyo wangemshangilia. Moyo wake ulikuwa umechafuka kwa wasiwasi. Njiani, akiwa pamoja na rafiki zake, alimwona maskini mwombaji aliyekwisha kulewa, akicheka na kufanya mzaha. Augustino akaugua. Aliona ya kuwa mtu yule, kwa sarafu chache za kuomba, amekwisha kuipata furaha ya kitambo ambayo yeye aliitafuta kwa miaka mingi ya kusoma, na hofu, na hila. Tena mlevi atalala na kuamka pombe imemtoka. Bali yeye alilala na kuamka na ulevi wake, siku baada ya siku.

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa gazeti hili husomwa na walimu. Sisi tulio na kazi kanisani na shuleni hupenda kumwonyesha mlevi kwa kidole. Lakini yuko mtu asiyeonja pombe mwaka mzima, naye amelewa: amelewa kuitwa Mwalimu, amelewa kiti cha mbele mkutanoni, amelewa kuona mwanawe akiwapita wana wa jirani. Cheti si dhambi, wala mshahara si dhambi. Twawahimiza watoto wenu wasome kwa bidii. Ila mtu akitaka vitu hivyo vimpe sababu ya kuishi, amemtwika mbuzi mzigo wa punda. Mbuzi ni mnyama mwema, lakini ataanguka njiani.

Wala msidhani kwamba yatosha mtu kuikaza nia yake. Rafiki wa Augustino, Alypius, naye mwenyeji wa Thagaste, aliuchukia mchezo wa Roma wa kutazama watu wakiuana kwa silaha. Wenzake wakamvuta kwa nguvu hata uwanjani. Akafumba macho, akijitumainia. Lakini watu walipopiga kelele akayafumbua, na tangu saa ile hakutaka kuondoka. Baadaye akawa akienda mwenyewe, tena akiwachukua wengine. Aliyafumba macho tu. Masikio yake yalikuwa wazi.

Liko na jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Augustino alipotafutiwa mchumba wa nyumba yenye mali, ili cheo chake kipande, mama wa Adeodatus alirudishwa Afrika. Alimwacha mtoto, akaweka nadhiri ya kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Mchumba alikuwa bado mdogo, ikampasa Augustino kungoja karibu miaka miwili. Hakuweza, akatwaa mwanamke mwingine. Jina la yule aliyerudishwa hakuliandika, na hata leo hatulijui. Sisi twaona habari hii ni nzito kuliko ile ya mlevi. Anasa na cheo vina bei yake, na mara nyingi alipaye si yeye aliyekula. Enyi waume, tazameni nyumbani mwenu nani hulipa.

Mwaka 386 alikuja mgeni, Mwafrika mwenzao, Ponticianus, akawasimulia habari za Antonio wa Misri, aliyeziacha mali zake amfuate Kristo. Augustino aliona aibu kwamba watu wasio na elimu yake wamemtangulia. Akatoka akaenda bustanini, akalia. Ndipo akasikia kama sauti ya mtoto ikimwambia atwae asome. Akaufungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, mlango wa 13, na shaka yake ikaondoka. Siku ya Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Askofu Ambrose, pamoja na Alypius na kijana wake Adeodatus.

Je, alijazwa na nini? Hakupata raha. Mwaka ule ule Monica alifariki huko Ostia, walipokuwa safarini kurudi kwao. Na Adeodatus naye akafa angali kijana. Augustino alitaka kukaa kimya na rafiki zake katika sala na vitabu, lakini mwaka 391 watu wa Hippo, mji uitwao leo Annaba, walimshika awe kasisi wao, na baada ya miaka michache akawa askofu. Mtu aliyetaka kusikilizwa na Kaisari akawa mtu wa kusikiliza, siku nyingi tangu asubuhi, kesi za mashamba na urithi. Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, asema ya kuwa mezani pake yaliandikwa maneno ya kumkataza mgeni kumsengenya mtu asiyekuwapo. Asema tena kwamba aliamuru vyombo vya kanisa vivunjwe na kuyeyushwa ili wakombolewe mateka na kusaidiwa maskini. Chakula, urafiki na nyimbo hakuviita viovu; nyimbo za kanisa la Milan zilimliza. Alivipokea kama mtu apokeavyo zawadi, akimtazama aliyeitoa. Kijana wetu wa sufuria na aangalie hapo: sufuria haisuguliwi ili ikae kichanjani, husuguliwa ili watu wapikiwe.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, na katika mwezi wa tatu wa vita Augustino akashikwa na homa, naye ana miaka 75. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani penye kitanda chake, akawa akizisoma na kulia. Alifariki tarehe 28 Agosti. Possidius asema hakuacha wasia wa mali, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kurithisha. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe vema kwa ajili ya watakaokuja nyuma.