Miaka 10 jela kwa flashi ya nyimbo?

Mhariri,

Kila msanii akilalamika kuwa nyimbo zake zimeibwa, hawakosi watu wa kudai adhabu iongezwe. Iongezwe hadi wapi? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 tayari inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Huenda mwizi wa ng'ombe akatoka mapema kuliko mwizi wa nyimbo.

Na anayenaswa ni nani? Hapa Nakuru ni kijana wa kibanda kando ya steji, mwenye kompyuta kuukuu iliyofungwa kwa selotepu. Makanga humpa flashi na shilingi 50, akarudishiwa ikiwa imejaa benga, rhumba na gengetone, matatu ikang'oa nanga. Siku ya msako kompyuta hubebwa kama ushahidi, kijana akapigwa faini asiyo na uwezo wa kuilipa, akaingia ndani. Mwenye wimbo hapati hata ndururu.

Sisemi aachwe. Anauza jasho la mwenzake. Ila adhabu ipimwe kwa hasara aliyosababisha: anyang'anywe faida, amlipe msanii, na akirudia kibanda kifungwe.

Marekani walijaribu ukali. Kampuni za muziki ziliwaandama watu zaidi ya 30,000 kwa kesi, hadi Desemba 2008 zilipotangaza kuachana na mtindo huo. Kesi zilizokuwa tayari mahakamani ziliendelea. Mwaka 2009 Jammie Thomas-Rasset wa Minnesota aliamriwa kulipa dola milioni 1.92 kwa nyimbo 24, wakati wimbo mmoja ulikuwa ukiuzwa dukani kwa takriban dola moja. Hata baada ya rufaa alibaki na deni la dola 222,000. Mama wa kawaida angezitoa wapi? Na watu hawakuacha kupakua nyimbo za bure.

Kwetu kuna pesa zinazokusanywa kihalali: matatu, baa na vinyozi hulipia leseni ya kupiga muziki. Lakini mwaka 2019 wanamuziki walipandwa na hasira walipogawiwa mirabaha ya Sh2,530 kila mmoja. Sikumsikia mtu akidai yeyote afungwe kwa hilo.

Wabunge wakiigusa tena sheria hii, waanzie hapo. Hesabu za mirabaha zichapishwe magazetini kila mwaka: zimekusanywa ngapi, zimetumika ngapi ofisini, na msanii gani amelipwa kiasi gani.

Msomaji,
Nakuru