MAONI: Punje ya ngano ina vibarua wake, mbona hatuwapi kazi?

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Mengi ya darasani nimeyasahau. Lakini kuna somo moja la maabara ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo.

Tulipewa punje za ngano, hizi hizi za unga wa chapo. Tukaziosha kwa spiriti, tukaziloweka kidogo kwenye jiki iliyopunguzwa makali, kisha tukazisuuza mara kadhaa kwa maji yasiyo na kijidudu chochote. Maji ya mwisho ya kusuuzia tukayapaka kwenye sahani moja ya maabara. Punje zenyewe tukazitwanga, rojo yake tukaipaka kwenye sahani ya pili. Siku chache baadaye, sahani ya maji ilikuwa safi. Ile ya punje ilikuwa imejaa madoadoa meupe na ya manjano, mengine yakiteleza kama kamasi.

"Aki tumeharibu," mwenzangu akasema. Nilikuwa nimeshainyanyua niitupe. Mwalimu akauliza swali moja tu: kama uchafu umetoka mikononi mwenu, mbona maji ya mwisho hayana kitu?

Kumbe bakteria wale hawakutoka nje. Walikuwa ndani ya punje muda wote.

Wataalamu huwaita endofaiti, yaani viumbe wanaoishi ndani ya mmea bila kuufanya uugue. Wengine hupitishwa na mmea mama kupitia mishipa yake mpaka kwenye mbegu, wengine huingilia mauani. Wa jamii ya Bacillus hujifungia kwenye ganda gumu na kuvumilia ukavu wa ghala. Mbegu ikilowa na kuanza kuchipuka, wanaamka, wanazaana na kusambaa hadi kwenye mizizi na majani ya mche. Kwa hivyo mche wa ngano hauanzi maisha peke yake. Unaanza na vibarua aliorithi kwa mama.

Na si vibarua wa kukaa bure. Kuna wanaotengeneza oksini, homoni inayorefusha mizizi. Kuna wanaoyeyusha fosfeti iliyonata kwenye udongo ili mche uweze kuifyonza. Kuna wanaonyakua madini ya chuma kabla kuvu hajayafikia, au kutoa kemikali zinazomzuia kuvu kama Fusarium, adui wa siku nyingi wa ngano. Wengine hupunguza homoni ya dhiki ambayo mmea hutoa maji yakiadimika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nadhani hawakuwa wanafikiria ngano, lakini inaingia.

Sasa utaniuliza, kijana wa mtaani haya yananihusu nini? Yanakuhusu kila ukinunua chapo. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayotumia. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, si ngano tu iliyopanda bei. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita Sh6,000, na serikali ikalazimika kuingiza ya ruzuku. Kisha 2024 tukasikia kuna wakulima waliouziwa mbolea feki. Mkulima wa Narok au Uasin Gishu akibanwa na mbolea, wewe wa Umoja unalipia kwenye sahani.

Wenzetu Brazil hawakukaa hivyo. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wakulima wao wamekuwa wakipaka mbegu za ngano na mahindi bakteria aitwaye Azospirillum brasilense, anayeishi kwenye mizizi na hata ndani yake. Mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Mariangela Hungria wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Embrapa, alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025. Na msiseme hayo ni ya Brazil tu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, bakteria wa kupaka mbegu za maharagwe na soya. Akili tunayo.

Lakini nisiwauzie ndoto. Ngano si maharagwe. Haina vile vifundo vya mizizini ambamo bakteria hutengeneza naitrojeni kwa wingi, kwa hivyo hakuna bakteria atakayeifanya mbolea iwe historia kesho asubuhi. Halafu si kila anayekaa ndani ya mbegu ni rafiki. Kuna Xanthomonas, ambaye husafiri kwa mbegu na kuleta ugonjwa shambani. Tena bakteria wengi wanaofanya maajabu kwenye chungu cha maabara hushindwa shambani, kwa sababu udongo tayari umejaa wenyeji wasiopenda mgeni. Hapo ndipo hawa wa ndani ya mbegu wanapovutia: wako kwenye mche kabla udongo haujapata nafasi ya kuwafukuza.

Ndiyo maana naandikia watu wa Njoro. Kituo cha KALRO kilichoko huko kinajulikana duniani. Tangu kutu ya shina iitwayo Ug99 itishie ngano, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa pale kupimwa kama zitastahimili. Mbegu hupimwa mavuno, kimo na kinga dhidi ya kutu. Ombi langu ni hili: zipimwe pia kwa wanaoishi ndani yake. Aina zinazostahimili ukame wetu zina bakteria gani? Wahifadhiwe kama tunavyohifadhi mbegu, wajaribiwe kwenye mashamba ya wakulima na si kwenye vyungu tu, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya.

Kazi hii haihitaji mitambo ya mabilioni kuanza. Umeona nilivyoieleza: spiriti, jiki, maji safi, sahani na subira. Kutambua majina yao kwa DNA ndiko kunakohitaji mashine ghali. Hatua za mwanzo zinaweza kufanywa na vijana waliosomea maabara ambao leo wanaendesha boda wakisubiri simu ya kazi. Kaunti zinazolima ngano zitenge pesa ziwalipe, na vyuo viwafungulie milango wikendi.

Mimi sikumaliza kozi, sina cheti cha kuingia maabara yoyote. Lakini najua kuna mwanafunzi mahali fulani leo aliyeinua sahani yenye madoadoa, akidhani ameharibu kazi. Ndugu yangu, usiitupe. Angalia kwanza sahani ya maji.