Ukumbi wa Wazazi: Daraja la Tatu si Mwisho wa Safari

Ndugu askari, mwanao amepata daraja la tatu, naye anatamani kusomea elimu ya siasa. Usimwambie kuwa hayo ni maneno matupu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hujifunza katiba, mamlaka ya dola na sababu za vita, mambo yamhusuyo kila avaaye sare. Wala usimkatishe tamaa. Ali Mazrui wa Mombasa alikataliwa Makerere kwa alama hafifu. Alifanya kazi ya ukarani, kisha akapata shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960. Mwaka 1963 alianza kufundisha siasa Makerere ileile, akawa profesa. Basi, baba na mama, mpeni mtoto taa na nafasi. Aliyefungiwa mlango leo huenda kesho akashika ufunguo.