Tupeni Masanduku Hayo ya Magurudumu

Nani aliyewadanganya watu wa Ufipa kwamba hupandi ndege mpaka uwe unaburuta sanduku gumu la magurudumu? Nauliza kwa hasira, maana linanunuliwa Sumbawanga mjini kwa fedha ya mahindi, na mnunuzi hata hajaliinua kusikia uzito wake.

Mashirika mengi humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 tu za mzigo wa mkononi. Sanduku lile, likiwa tupu, laweza kula karibu kilo 3. Yaani umelipa nauli kusafirisha plastiki! Kinachobaki kigombaniwe na nguo, ulezi wa shangazi na maharage aliyoagiza mjomba wa Dar es Salaam. Begi laini la turubai jepesi halifiki hata kilo 1.

Na magurudumu hayo yameviringika wapi? Miaka mingi kabla Uwanja wa Sumbawanga haujaanza kujengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, msafiri wetu aliteremka na basi kupitia Laela na Tunduma kuifuata ndege Songwe, uwanja uliofunguliwa 2012. Sanduku la fahari lilikwenda kwenye buti, juu yake magunia.

Ukifika kwenye ndege ndiyo aibu kamili. Dash 8 Q400 ina viti 76 na vikabati vyembamba juu ya viti. Begi laini hubonyea likaingia. Gumu hugoma, likachukuliwa mlangoni kupelekwa kwenye chumba cha shehena, na pawabenki imo ndani! Betri za akiba haziruhusiwi huko. Sasa fungua sanduku lako mbele za watu, nguo za ndani zionekane.

Sisemi mbebe mkononi mifuko ile mikubwa iitwayo shangazi kaja. Zipu zake haziaminiki. Hiyo ifungeni kamba, itieni migebuka iliyofungwa vizuri, iende kwenye shehena na mizigo mikubwa. (Watani watasema Wafipa wana ungo wa kurukia, begi la nini? Sawa, ungo haupimwi kilo.)

Nanyi wauza mabegi, mnajua kusifu rangi na kufuli, uzito hamuutaji. Wekeni mzani dukani. Mkikataa, tutakuja na ule wa kupimia mahindi, tuyapime masanduku yenu mlangoni, wateja wakitazama.